Ombi la Kumwondoa Babu Yangu Kwenye Jumba la Mashujaa wa Kaling

Kwa Mkurugenzi,
Jumba la Mashujaa wa Kaling,
Wilaya ya Ziwa la Pembe, Manitoba.

Mheshimiwa,

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote: alama ya midomo iliyo kwenye kioo cha kabati lenu la tatu ni yangu. Ni mafuta ya midomo yenye harufu ya cheri, ambayo huku kwetu mtu hatoki nje bila kuyapaka kwa baridi ya kuanzia Novemba hadi Aprili. Katika kaling, mchezo wetu huu wa kutelezesha mawe na kuyafagilia njia, mchezaji akigusa kwa mguu au ufagio jiwe linaloteleza kwenye barafu, husema mwenyewe kabla hajaulizwa. Basi nami nimesema. Naomba sasa tuendelee na makosa yenu.

Mimi ni mwanafunzi wa miaka kumi na sita. Sichezi kaling, kwenye barafu huanguka hata nikiwa nimesimama tu. Lakini nimesoma vitabu vyote vya mchezo huu vilivyomo katika maktaba ya shule, yaani vyote viwili, na shujaa wangu ni bibi yangu, Pearl Hnatiuk, nahodha wa timu ya wanawake iliyotwaa kombe la wilaya wakati baba yangu akiwa mchanga.

Darasa letu lilipoletwa kwenu, wenzangu waliingia moja kwa moja kwenye duka la soksi. Mimi nilimtafuta Bibi. Nilisimama mbele ya makabati muda mrefu mpaka mama wa mapokezi akanijia na kuninong'oneza, "Mwanangu, choo kiko kule nyuma ya ngazi." Niliona haya kumwambia kwamba sitafuti choo. Nikaenda. Niliporudi ndipo nikaiona picha: wanne, wamevaa sketi za drafti, wameshika mifagio. Wa kwanza kushoto ana kitambaa kichwani na anatazama mbele bila kuogopa mtu. Nikambusu. Kisha nikasoma maandishi yaliyo chini, na malalamiko yangu ni haya:

1. Pameandikwa "Nahodha: Bi. Orest Hnatiuk." Orest ni babu yangu. Najua ndiyo ilikuwa desturi enzi zile, mke kuandikwa kwa jina la mumewe, na wenzake watatu mmewaandika vivyo hivyo. Kwa hiyo anayesoma kabati lile anaelewa kwamba kombe la wanawake lilitwaliwa na Orest, Steve, Alec na Metro. Jina la Pearl halimo popote ndani ya jumba lenu. Nililitafuta hadi chini ya jiwe la maonyesho, ndiyo maana king'ora kililia. Hilo nalo nimelisema.

2. Nilifanya kosa la kusimulia nyumbani. Tangu hapo Babu hashikiki. Kila asubuhi huketi kwenye klabu ya kaling, meza ya dirishani, na kuwatangazia wenzake:

"Mimi niko kwenye jumba la mashujaa. Nyie mko wapi?"

"Wewe Orest? Wewe uliyeteleza ukaingia kwenye ndoo?"

"Nendeni mkaangalie! Na yule pichani ni mimi mwenyewe."

"Kwenye sketi?"

"Kwenye sketi! Na ilinikaa!"

Wanacheka mpaka kahawa inawatoka puani, halafu wanamnunulia kikombe kingine. Bibi, ambaye ndiye aliyeshinda, yuko jikoni humo humo klabuni, anatengeneza sandwichi za mayai.

3. Ikiwa ushindi wa mke ni wa mume, haki inataka na ya mume yawe ya mke. Naomba basi mbandike, kwa herufi za ukubwa uleule, kwamba Bw. Pearl Hnatiuk alizamisha trekta ziwani mwezi Machi kwa kubishana na watu kuhusu unene wa barafu. Tena, ikiwa utukufu hufuata jina, mimi pia ni Hnatiuk, kwa hiyo ni nahodha, na naomba koti la ubingwa, saizi ndogo, mikono mirefu. Mbwa wetu naye ni Hnatiuk kwa mujibu wa daktari wa mifugo. Yeye hahitaji koti.

4. Mmemwalika "Bi. Orest Hnatiuk" atelezeshe jiwe la kwanza kwenye maadhimisho ya mwezi ujao. Babu ameshaanza mazoezi. Bibi amekataa kuja. "Nikafanye nini?" aliniambia. "Hawajaniita mimi." Alikuwa akikata mkate, na vipande vilitoka vimepinda. Sijawahi kumwona Bibi akipindisha mkate. Hapa ndipo mzaha unaponiishia, Mheshimiwa. Kwa umri wake, sidhani kama atayafikia maadhimisho mengine.

Mwondoeni Babu, au mwandikeni Pearl.

Nisalimieni mama wa mapokezi, fundi wa king'ora, na yeyote atakayepangusa kioo.

Wenu katika mchezo nisiouweza,
Larysa Hnatiuk

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea Bibi barua hii. Alicheka hadi akatafuta kiti. Anasema Babu hasemi uongo. Siku ile mpiga picha alikuwa anawahi treni, na Bibi alikuwa chumba cha nyuma akimnyonyesha baba yangu, ambaye hakukubali kuachia titi. Picha ilitaka watu wanne. "Nikamvua Orest suruali, nikamfunga kitambaa changu," alisema. "Na kweli ile sketi ilimkaa." Kwa hiyo mliyemwandika ndiye aliyemo pichani, na maandishi yenu ni sahihi kuliko mlivyojua. Naondoa malalamiko yote manne, pamoja na koti.

Nilimuuliza kama basi anayo picha yake yoyote ya mwaka ule, akiwa na ufagio. Hana hata moja. Nikaazima kamera ya shule, nikamsimamisha pale jikoni klabuni. Alikataa kuvua aproni. Picha nimeisafishia dukani, nikaandika kwa nyuma "Pearl Hnatiuk, nahodha," na nimeitia humu ndani ya bahasha.