Mzee wa Kitabuni na Mzee wa Dundori

Wenzangu, leo nimejiaibisha mbele ya mkwe. Wekeni ndoo chini kidogo niwaambie mwenyewe, kabla Rispa hajawaambia kwa njia yake.

Mnajua mdogo wangu Rispa amechumbiwa na yule kijana seremala. Leo babake, Mzee Yohana, alikuwa anashuka kutoka Dundori, ambako anakamua ng'ombe wa mzungu, aje atuone kwa mara ya kwanza. Mume wangu alikuwa zamu ya reli. Akaniambia, "Mkaribishe vizuri, mpe chakula, mwongeleshe. Mimi nitamkuta." Kazi ndogo. (Hata kuku angeifanya, kama tusingekuwa tumemchinja.)

Saa sita kila kitu kilikuwa tayari. Nyumba imefagiwa, kuku ameiva, kitambaa cha meza kimepigwa pasi. Nikakumbuka kumebaki kurasa chache za kile kitabu cha hadithi mume wangu alichoazima kwa mwenzake kazini. Nikajiambia, wacha nikimalize huku nikingoja mgeni.

Hapo ndipo nilipojiroga.

Ndani ya kitabu kuna msichana yatima anayelelewa na baba yake mdogo. Huyo baba mdogo, mtu wa koti refu na kofia, anamuoza kwa kizee kisicho na meno ili apate ng'ombe. Msichana anatoroka usiku, mvua inanyesha. Halafu baba mdogo anaketi mezani, anakula kuku. Mwisho. Nikafunua ukurasa wa nyuma, hakuna kitu. Nikaangalia kama kuna karatasi imenyofolewa. Hakuna. Hadithi inaisha yule mtu akijilamba vidole.

Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kumwonea hata mtu ninayemjua. Nilipanga sufuria kwa kishindo mpaka Rispa akachungulia. Yeye alikimaliza hicho kitabu juzi. "Umefika mwisho?" akauliza. "Si ni tamu? Msichana ameponea." Yeye kilimwachia furaha, amekuwa akiimba tangu siku hiyo. Mimi nilikuwa bado namtafuta baba mdogo nimgombeze.

Hodi ikabishwa. Mlangoni amesimama mzee mwenye koti refu, kofia mkononi. (Mnaona balaa inavyokuja kwa miguu yake.)

Nikamketisha, nikamwandalia. Akanawa, akaomba, akachukua paja, akauma. Kisha akauliza kwa upole, "Na huyu binti yetu, mambo ya ng'ombe je?"

Mzee alitaka kujua kama Rispa anakamua. Mimi nikasikia mengine.

"Nyinyi ni ng'ombe tu mnawaza," nikamwambia. "Unauza mtoto wa marehemu ndugu yako, halafu unakaa kwa meza unakula kuku. Huna hata haya."

Paja likasimama kabla ya kufika mdomoni.

"Mama," akasema polepole, "ndugu yangu hajafa. Yuko Molo."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikaendelea. "Na msichana yuko huko nje kwa mvua."

Akageuka akatazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka. "Mimi sijauza mtu," akasema. "Mimi ndiye nimekuja kutoa ng'ombe."

Rispa akaingia na birika. "Dada, unaongea na nani?"

Ni kama nimemwagiwa maji. Mzee alikuwa ameshaweka paja kwenye sahani na kuchukua kofia yake. Machozi yalikuwa yanamlengalenga Rispa. Ndoa yake ilikuwa inatoka mlangoni kwa sababu ya mdomo wangu. Nikatafuta uongo, sikupata hata mmoja. Nikachukua kitabu, nikapiga magoti. "Baba, nisamehe. Mtu niliyekuwa nikimgombeza ni huyu."

Akakitazama kitabu. "Amefanya nini?"

Nikamweleza. Akarudi kuketi, akaniambia nimsomee ule mwisho. Nikasoma pale pale magotini. Nilipomaliza nikangoja anilaani.

"Huyo msichana," akauliza, "alilala wapi?"

"Kitabu hakisemi, baba."

"Hakisemi?" Akatikisa kichwa. "Mvua yote hiyo, na hana mtu." Kuku hakumgusa tena. Macho yake yakawa mekundu, Rispa kuona hivyo akaanza kulia, na mimi nikafuata.

Mume wangu akafungua mlango. Akakuta mgeni ameinamisha kichwa, chakula kimepoa, mke yuko magotini, shemeji analia.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa," Mzee Yohana akamjibu. "Kuna msichana tu hatujui alilala wapi."

Msinicheke. Tumeagana vizuri, na Jumamosi atarudi tumalize mazungumzo. Mume wangu amesema siku hiyo nitashinda kwako, Mama Fanueli, na nisipewe kitu chochote cha kusoma, hata pakiti ya majani chai.