Mtetea wa Rosina

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimeamka na hasira. Jirani yangu Rosina ndiye mchanjaji wa kuku hapa mtaani kwetu Kwamndolwa. Mwezi uliopita alizunguka nyumba zote akiwadondoshea kuku machoni dawa ya mdondo, ule ugonjwa unaofagia banda zima. Wa kwangu niliwaficha stoo. Nichanjiwe kuku na mtu aliyenishinda kwenye uchaguzi wa ujumbe wa mtaa? Thubutu.

Tatizo ni mke wangu, Shamsia. Kasema vifaranga wakifa tena, banda linakuwa la mbuzi wake. Banda nililojenga kwa mikono yangu! Basi nimeazima kwa Rosina mtetea aliyechanjwa, nimemwatamisha mayai kumi ya kuku wangu. Kinga itawaingia kwa joto. Rosina hajashtuka. Mayai ya kuku wake kayaweka chini ya bata. Bata ambaye hajachanjwa chochote. Nimecheka peke yangu.

Jumatatu, 23 Juni
Wametotolewa wote. Nimewapitisha mlangoni kwa Rosina mara mbili. Kasema niwapeleke wapewe matone. Nimemjibu kwamba wangu wamechanjwa na aliyewaatamia. Kaingia ndani. Wivu huo.

Alhamisi, 3 Julai
Mdondo. Wanane wamekufa tangu juzi, shingo zimepinda. Vifaranga wa Rosina, wale wa bata, wazima, tena wanakuja kwangu kula chakula cha marehemu.

Nimekwenda kwa Mikaeli, bwana mifugo, kushtaki kwamba nilipewa mtetea mbovu. Akauliza mayai yalitagwa na nani. Nikasema na kuku wangu. Akashusha pumzi. Eti kinga hutoka kwa kuku aliyetaga, hupita kwenye kiini cha yai. Anayeatamia hutoa joto tu. Na kinga hiyo nayo hudumu wiki chache, kisha kifaranga anataka matone yake. Nikamuuliza kwa ukali mbona hakututangazia. Akasema alitangaza, kwenye mkutano niliosusia.

Jumapili, 6 Julai
Mbuzi wamehamia bandani. Nimelia, sifichi. Vifaranga wawili waliobaki wako jikoni kwenye boksi.

Rosina kaja na kichupa chake, wala hakunicheka, na hilo ndilo lililonichoma. Nimemwambia aondoke. Mimi si mjinga, Mikaeli alishasema dawa iko kwenye kiini. Nimemtuma Shamsia akanunue mayai kwa huyo huyo Rosina, nikayachemsha vizuri, nikawalisha viini.

Mmoja ameanza kupinda shingo. Anaangalia kama kuna kiini kingine.