Lumbesa Ndani ya Waya

Hakuna binadamu Bariadi nzima aliyewahi kushindilia waya wa mtandao mpaka ukavimba. Mashimba alisema yeye ataushindilia!

Alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu pale kwenye ghala letu la dengu, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho. Meneja, Mama Sia, mwanamke wa Moshi asiyecheka kabla ya saa sita, alimpa mtihani mmoja tu: picha za magunia zitoke kompyuta ya ghalani, zifike ofisini kabla ya mnada wa saa nne. Zikifika, mkataba. Zisipofika, arudi kijijini Zagayu kwa mama yake.

Na kule Zagayu Mashimba alishatangaza kwamba ameajiriwa. Suti ilishashonwa!

"Wenzetu wanatuma vifurushi vya baiti elfu moja mia tano," aliniambia, amekaa kama waziri. "Kidogo kidogo, kama mgonjwa anakunywa uji. Mimi napiga lumbesa, gunia la kupita kipimo! Elfu tisa kila kifurushi!"

"Ile swichi ya mtandao pale ukutani ni ya zamani, Mashimba. Itapitisha?"

"Kwani diploma yako iliishia wapi?"

Iliishia njiani. Kidonda hakijapona.

Akabadilisha kipimo hicho kwenye kompyuta zote mbili. Kisha akaona mpangilio mwingine: kompyuta ikielemewa, inaomba isubiriwe kidogo ipumue. Akauzima!

"Mtoto wa Zagayu haambiwi subiri na mashine!"

Saa tatu na nusu akatuma salamu ya majaribio, kaneno kamoja tu. Ikajibiwa papo hapo. Akafunga kifungo cha suti.

"Imeitika! Mwiteni meneja!"

Mama Sia akaja. Mashimba akatuma picha.

Kimya.

Akatuma tena. Kimya kama cha kikao cha harusi kikiulizwa nani atatoa ng'ombe. Skrini haikuonyesha kosa, wala haikusema pole. Mashimba akalaumu upepo. Akalaumu panya. Saa nne kasoro kumi akaanza kulaumu majirani wenye wivu!

Mlangoni alisimama mayu Milembe, mama yetu wa mizani, ambaye kompyuta huwa anaigusa akiifuta vumbi tu.

"Mwanangu, salamu inapita?"

"Inapita, mayu."

"Na mzigo?"

"Haupiti."

"Basi njiani kuna mizani. Umefunga gunia lenye kilemba wewe!"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Ndiyo hivyo hasa! Swichi ilikuwa inaona kifurushi kimezidi kipimo, inakitupa, haiachi hata karatasi ya kusema nimekitupa. Nikarudisha elfu moja mia tano kote. Picha zikaanza kuja, lakini kwa kwikwi. Kompyuta ya ofisini imepaliwa. Nikawasha ule mpangilio wa kusubiriana. Zikatiririka zote, saa nne kasoro mbili!

Mashimba akajikohoza. "Kwa hiyo, mama, mkataba wangu…"

"Upo," alisema Mama Sia, na kwa mara ya kwanza alicheka kabla ya saa sita. "Wa kudumu."

Ni kweli, wa kudumu. Kazi: kufungua lumbesa za wakulima pale ghalani na kuzigawa kwenye magunia yanayolingana na kipimo.

Yuko pale hadi leo, na suti yake, dengu mpaka masikioni. Siku akikimbilia mizani na magunia matatu kwa mpigo, mayu Milembe hata haangalii. Anainua kiganja tu.

Na mtoto wa Zagayu anasubiri.