Ngazi ya Saba

Jumapili, 3 Machi

Mkaguzi wa majengo ya kale anakuja Jumatano. Mama katangaza mezani: likipatikana kosa hata moja, nyumba ya wageni anapewa dada yangu Bethia. Miaka mia tatu jengo hili linatazama bandari, na mrithi ni mimi! Bethia alitabasamu huku akinipakulia uji. Nyoka.

Tatizo ni ngazi za kunguru, zile za mawe zinazopanda ukingo wa ukuta hadi kwenye dohani. Sisi tunazo sita. Rennie, mwenye nyumba ya wageni ng'ambo ya gati, anazo saba, na jana kaniuliza kama yetu moja ililiwa na kunguru wenyewe.

Mama na Bethia walipokwenda kanisani nikapandisha jiwe la saba, nikaligandisha kwa chokaa. Kazi safi!

Jumatatu, 4 Machi

Barafu usiku kucha. Chokaa haikushika. Jiwe linacheza kama jino bovu. Chini yake ni vigae, chini ya vigae ni kitanda cha Mama! Nimemsihi ahamie chumba cha mbele. Kasema kazaliwa kwenye kitanda kile, na hahamishwi na mtu asiyejua hata kuchemsha yai.

Jumanne, 5 Machi

Upepo wa kaskazini. Sijala. Mlango ukibamizwa, nakimbia nje kuliangalia jiwe. Nimemwambia Mama chumbani kwake kuna panya. Kachukua fimbo, kakaa kuwasubiri.

Naogopa, kusema kweli. Ningelishusha jiwe, lakini Rennie yuko gatini ananihesabia ngazi. Kurudi kwenye sita mbele ya macho yake? Thubutu!

Jumatano, 6 Machi

Mkaguzi, Bi. Pirie, kaja na picha ya zamani ya jengo letu. Kahesabu mara mbili. Kauliza ya saba imetoka wapi. Nikajibu imeota. Mama akapiga kelele dirishani kwamba Dougal mwanangu, umefanya nini tena, akashuka mbio kunivuta sikio.

Alikuwa bado kanishika sikio, jiwe lilipoanguka na kutoboa paa. Kitanda vipande viwili! Nililia mbele ya watu wote. Mama akanikumbatia sana, kisha akampa Bethia funguo.

Alhamisi, 7 Machi

Bethia kanipa chumba cha chini na kazi ya kuosha vyombo. Kaniapisha nisiguse tena jengo, hata msumari. Ana haki. Nimekoma kabisa.

Chumba si kibaya, ila katikati kuna nguzo nene ya mbao, kabati halifunguki vizuri. Nimeigonga pande zote. Sidhani inabeba kitu. Msumeno uko stoo.