Ukoko wa Utosini na Wembe wa Bi Tatu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemvua mwanangu kofia nikaduwaa. Utosini ana magamba ya njano, yameganda kama ukoko wa wali. Na kila siku namwogesha! Jumamosi ni arobaini yake. Mama mkwe, Bi Tatu, anavuka kutoka Kigamboni kuja kumnyoa mwenyewe. Alishamwambia mume wangu Uwesu: akikuta mjukuu hatunzwi, anahamia kwetu mpaka mtoto atembee. Chumba chenyewe kimoja. Na Bi Tatu anakoroma. Kofia imerudi kichwani.

Jumanne, 5 Agosti
Nimebandua gamba kwa kucha. Likatoka na nywele na tone la damu. Akalia yeye, nikalia mimi. Hajira wa chumba cha pili, ambaye mwanawe kichwa kinang'aa kama sahani ya harusi, akauliza nje ya pazia, shoga, unamchinja? Nikamjibu anajifunza kuimba.

Alhamisi, 7 Agosti
Kliniki. Nilimvika kofia mbili. Nesi akazivua zote mbele ya kina mama, nikatamani ardhi inimeze. Akasema kumbe ukoko huo si uchafu. Hauambukizi, wachanga wengi wanao, huisha wenyewe. Nisibandue. Nipake mafuta kidogo yalainishe, nisugue taratibu kwa brashi laini, kisha nimwoshe kwa sabuni ya mtoto. Pakiwa pekundu au pakitoa maji, nirudi. Nikauliza, mpaka Jumamosi? Akacheka, akasema labda wiki kadhaa.
Hayo ni mafuta kidogo. Mengi je?

Ijumaa, 8 Agosti
Mafuta ya nazi, Kariakoo, chupa kubwa. Yote kichwani, nikafunga kitambaa. Uwesu kaingia akauliza nani anakaanga maandazi.

Jumamosi, 9 Agosti
Bi Tatu kaitikia shikamoo yangu huku anatoa wembe. Akashika kichwa, kikamponyoka. Akashika tena, kikaponyoka tena. Akasema yeye hanyoi samaki, atamkata mtoto wa watu. Tutanyoa Jumamosi ijayo, na atasubiri hapa hapa, ya nini kupanda pantoni mara mbili?
Ukoko wala haukumshtua. Kasema Uwesu alikuwa nao mpaka kwenye nyusi. Nilikaa chini.

Jumapili, 10 Agosti
Bi Tatu na mjukuu kitandani, sisi mkekani. Kakoroma mpaka dirisha likaitikia. Hajira kaninong'oneza kosa langu ni nazi, alizeti haitelezi. Bi Tatu akikuta kichwa safi Jumamosi, ataondoka tu.
Nimemtuma Uwesu dumu zima la alizeti.