Sitini na Mbili na Nusu

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Matokeo yametoka. Asilimia hamsini na saba! Chuo cha uuguzi kinataka sitini. Nimekokotoa tena, nikabadilisha kalamu, nikahamia kiti kingine. Alama 371 kati ya 650, zidisha kwa mia, yale yale. Hisabati ndiyo iliyoniponza: 92 kati ya 200. Nani kaamua Hisabati iwe na alama mia mbili na Historia hamsini tu? Historia nina arobaini. Historia ingekuwa mia mbili, saa hizi ningekuwa nachoma watu sindano.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, tuliyekaa naye dawati moja darasa la jioni, ana sitini na moja. Kaja kunipa pole kabla sijamwambia nimepata ngapi! Papo hapo kaniomba nimpunguzie sketi. Nimempunguzia. Nimempunguzia mno.

Miaka yote hii nakanyaga cherehani ujiani, kila anayekwenda msalani ananiruka miguu. Sitaki kuzeekea hapa. Sitaki kabisa.

Jumanne, tarehe 4 Februari

Mkono hauko kazini. Nimeshona mfuko mgongoni mwa shati la watu. Nikiwa nafumua, wazo likaja.

Kila somo lipewe asilimia yake kwanza. Hisabati 46, haya, tumevumilia. Lakini Historia 80! Jiografia 72! Kisha jumlisha asilimia zote, gawa kwa sita. Masomo yote sawa, hakuna bwana wala mtwana. Jibu: sitini na mbili na nusu! Nimepiga kigelegele peke yangu. Mteja aliyefuata mapazia kaondoka bila mapazia.

Mume wangu kasema ikiwa njia mbili zinatoa majibu mawili, moja ina walakini. Nimemwambia ndiyo, ile ya kwanza. Kaendelea kufungua redio ya watu aliyoletewa kutengeneza. Yeye na redio zake!

Jumatano, tarehe 5 Februari

Nimemkokotolea wifi kwa njia mpya. Hamsini na sita na nusu! Mungu si Athumani. Yeye alama zake kazipata kwenye yale masomo makubwa makubwa, Hisabati na Sayansi. Huku kwenye haki na usawa hana kitu.

Nimekwenda kwake na uso wa msiba. Nimemweleza kuwa vyuo siku hizi vinatumia njia hii, nimesikia kwa mtu anayejua. (Mtu huyo ni mimi.) Kachukua penseli, kakokotoa huku midomo ikimchezacheza, kapata hamsini na sita na nusu. Akalia. Kumbe alishamuaga mwenye duka anakouza. Sasa atarudi na uso gani?

Nikaona vibaya. Kweli, kidogo nimwambie. Ulimi ulishafika kwenye meno. Halafu akafuta machozi, akasema angalau mmoja wetu anakwenda, hongera wifi. Hapo nikaondoka upesi. Ningekaa zaidi ningeharibu kila kitu.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Situlii. Nimekata kitambaa cheupe, nimejishonea sare kabisa. Nimeivaa, nimeivua, nimeivaa tena. Mume wangu kauliza ni ya mteja gani. Nimemwambia asogee, ananizibia kioo.

Jambo moja linaniwasha. Nikipokelewa chuoni kesho, nani atanishuhudia? Nimerudi kwa wifi kumwomba anisindikize na anishikie mkoba. Kakataa. Kasema hataki kuliona hata geti. Nimembembeleza, nimeng'ang'ania, nimesema magoti yananitetemeka. Nikamwambia abebe na karatasi yake ya matokeo, huenda wakamshauri namna ya kurudia mtihani. Ninachotaka mimi ni akatishwe tamaa na mtu mwenye mhuri, tusije tukasumbuana tena. Mwisho kakubali. Ana roho nzuri yule, ndiyo shida yake.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Siku ya mwisho ya kupokea watu. Nimempa karani wa chuo hesabu yangu, nimeiandika kwa wino wa kijani na kuipigia mstari mara mbili. Hakuitazama! Kabonyeza mashine yake: 371, gawa kwa 650. Hamsini na saba.

Nikamweleza habari ya bwana na mtwana. Kanisikiliza hadi mwisho, lazima niseme ukweli. Kisha kauliza kama mimi fundi hutoza mfuko bei sawa na koti. Nikasema hayo ni mambo mengine. Kasema kwake ni yale yale. Akachungulia nyuma yangu.

"Na wewe dada uliyeshika mkoba, karatasi yako iko wapi?"

Wifi kasema yeye kaja kusindikiza tu. Karani kanyoosha mkono. Kabonyeza mashine. Sitini na moja. Mhuri, pwaa!

Wifi kanikumbatia mbele ya foleni nzima. "Wifi, usingening'ang'ania nije, ningekosa."

Nimelia. Watu wakasema tazameni mawifi wanavyopendana. Njia nzima ya kurudi kakataa kunirudishia mkoba wangu, eti nimechoka, anibebee.

Jumamosi, tarehe 8 Februari

Nyumba nzima inanisifu. Mume wangu kawaambia nduguze mkewe ana moyo wa dhahabu, kisha kaniuliza tena ile sare ni ya mteja gani.

Wifi anataka sare kufikia Jumatatu, na hataki fundi mwingine ila mimi. Yangu haimwingii. Nimempima. Kifua namba yake, kiuno namba yake, nyonga ndiyo usiseme. Namba tatu zote tofauti, usumbufu mtupu! Nikajiuliza, kwa nini nyonga zipendelewe na kiuno kionewe?

Nimejumlisha, nimegawa kwa tatu, nimeshakata kitambaa.