Sukari ya Ofisi na Droo Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Siku tukufu! Mkurugenzi ameridhia pendekezo langu: wiki nzima ofisi inywe chai bila sukari. Nilimfafanulia kwamba sukari ikizidi hupandisha shinikizo la damu na kuutia ubongo uvivu. Muuguzi ametupima leo, Ijumaa atarudi. Vipimo vikishuka, mimi, mwanagenzi mwenye shahada, nitapewa ajira ya kudumu. Mhasibu, ambaye chai yake husimamisha kijiko, amenibatiza Daktari wa Chai. Wivu.

Jumanne, 5 Machi
Nimelihamishia kopo la sukari kwenye droo yangu, kwa usalama wa umma. Hata hivyo, sayansi yasema ubongo nao hula sukari. Na ni nani anayefikiri kwa niaba ya wote? Nimelamba kijiko kimoja. Cha kitaaluma.

Jumatano, 6 Machi
Mhasibu anakunywa chai kama anayemeza dawa ya minyoo. Nimempa pole ya dhati. Nyumbani, shangazi akauliza mbona macho yamenitoka kama niliyekimbizwa na mbwa. Nikamweleza habari za kijiko. Akasema mganga hajigangi. Ndiyo maana, nikamjibu, nimeongeza soda.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefanya mazoezi ya hotuba ya ushindi. Sentensi ya tatu ikanipotea. Nikaulisha ubongo. Ya pili nayo ikaaga.

Ijumaa, 8 Machi
Wenzangu wote wameshuka, Mhasibu kwa majivuno yasiyovumilika. Muuguzi akatahadharisha kwamba wiki moja si ushahidi. Mkurugenzi akaagiza mwenye wazo apimwe mbele ya wote, awe kielelezo. Muuguzi akapima. Akabadili mkono. Akapima tena. Nikadai ni furaha. Hapo ndipo sisimizi walipoanza kutoka drooni kwangu, mstari mmoja, kila mmoja na punje yake.

"Daktari wa Chai," Mhasibu akasema, "wagonjwa wako wanatoka na dawa."

Mkurugenzi alicheka hadi akatafuta kiti. Ajira imeahirishwa mpaka presha yangu ishuke. Kopo atalitunza Mhasibu.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari kwa utulivu, soda mkononi. Kwa hakika sikushindwa: kwa shinikizo, nimeongoza ofisi nzima. Kosa lilikuwa droo, sisimizi hupenya. Kesho nawasilisha pendekezo la kupiga marufuku chumvi. Karanga zangu za chumvi zimo tayari kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza.